Ngamia wa Wajir na lori la kuwabeba: Ukubwa ufaao huanzia kwenye sakafu

MFANYABIASHARA anayenunua ngamia katika soko la Wajir huwa amemaliza nusu tu ya kazi yake. Nusu iliyobaki imo barabarani, katika safari ya zaidi ya kilomita 600 kupitia Habaswein, Modogashe na Garissa hadi Nairobi. Mnyama aliyenunuliwa kwa bei nzuri aweza kufika akiwa amevunjika mguu, amepungua uzito au amekufa, na mara nyingi chanzo huwa ni uamuzi uliofanywa kabla injini haijawashwa: lori lipi likodishwe.

Uamuzi huo una uzito mkubwa katika kaunti inayotegemea mifugo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu karibu ngamia milioni tatu nchini Kenya, na zaidi ya nusu milioni kati yao walikuwa Wajir. Ngamia ni akiba ya familia. Huuzwa ili kulipa karo, gharama za hospitali au mahari. Anapokufa njiani, hasara haimwishii mfanyabiashara pekee, kwani msimu unaofuata humlazimu ashushe bei anayomlipa mfugaji ili afidie alichopoteza.

Wengi huchagua lori kwa kuuliza swali moja tu: litabeba wangapi? Wapo wanaoamini kwamba lori kubwa zaidi ndilo lenye nafuu daima, na wapo wanaokodi dogo na kuwasonga wanyama mpaka mlango ufungwe kwa kusukumwa. Makundi yote mawili hukosea kwa sababu moja, nayo ni kuanza na lori badala ya kuanza na mnyama.

Mnyama hupimwa kwanza

Kila aina ya mfugo husafiri kwa namna yake. Mbuzi na kondoo husimama wakiegemeana. Ng'ombe naye husimama, na akilala katikati ya wenzake yumo hatarini kukanyagwa. Ngamia husafirishwa akiwa amepigishwa magoti, miguu ya mbele ikiwa imekunjwa na kufungwa kwa kamba. Kwa hiyo ngamia mmoja aliyeketi hutumia sakafu kubwa kuliko ng'ombe aliyesimama, hata kama uzito wao haupishani sana.

Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za mwaka 2005 kuhusu usafirishaji wa wanyama, uliweka vipimo vinavyoweza kuwa mwongozo. Mbuzi asiyefikisha kilo 35 hutengewa kati ya mita 0.2 na 0.3 za mraba. Ng'ombe wa takriban kilo 325 hutengewa kati ya mita 0.95 na 1.3 za mraba, na yule wa kilo 550 kati ya 1.3 na 1.6. Jedwali hilo halina ngamia, hivyo mfanyabiashara wa Wajir hana budi kujipimia mwenyewe. Ngamia mzima wa kilo 500 hivi, akiketi, huhitaji takriban mita mbili kwa urefu na mita moja au zaidi kidogo kwa upana.

Tuseme lori la ekseli mbili lina bodi yenye urefu wa mita 6.5 na upana wa mita 2.4. Sakafu yake ni mita 15.6 za mraba. Kwa mbuzi wadogo, wakipewa robo mita ya mraba kila mmoja, hapo patatosha 62. Kwa ng'ombe wa kilo 325 wanaopewa mita 1.1, patatosha 14.

Kwa ngamia, hesabu ya kugawanya eneo hudanganya. Mita 15.6 zikigawanywa kwa mbili huleta saba na ziada, lakini ngamia hapangwi kama mchele gunia. Katika upana wa mita 2.4 huketi wawili bega kwa bega. Katika urefu wa mita 6.5 huenea safu tatu. Jibu sahihi basi ni ngamia sita. Wa saba atalazimika kuketi juu ya miguu ya mwenzake, na hapo ndipo mifupa huvunjika.

Sakafu hujaa kabla ya ekseli

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu pacha. Lori la ekseli mbili kwa hiyo halipaswi kuzidi tani 18 pamoja na mzigo wake. Lori hilo likiwa na uzito wa tani saba bila mzigo, hubakiwa na nafasi ya tani 11, mradi mtengenezaji wake hajaweka kiwango cha chini zaidi.

Ngamia sita wa kilo 500 ni tani tatu tu. Ng'ombe 14 wa kilo 325 ni tani nne na nusu. Ni wazi kwamba lori la mifugo hujaa sakafu muda mrefu kabla ya kujaa uzito, na dereva aweza kupita kwenye mizani bila tatizo huku wanyama wake wakiwa wamesongwa kupita kiasi. Kukubaliwa kwenye mizani hakuthibitishi kwamba mzigo umepangwa sawasawa.

Uzito huwa hoja pale lori linapoelekea kaskazini. Malori mengi hupanda Wajir yakiwa na unga, sukari, saruji na vifaa vya ujenzi, kisha huteremka na mifugo. Mwenye lori hulichagua kwa kuangalia mzigo wa kupanda: mifuko 220 ya saruji yenye kilo 50 kila mmoja inatosha kuzimaliza zile tani 11. Mnunuzi wa mifugo naye hukodi kile anachokikuta kikirudi. Ndiyo maana yampasa apime sakafu mwenyewe kwa futi, wala asiridhike kuambiwa lori hilo ni la tani ngapi. Tani ni lugha ya saruji. Ngamia huhesabiwa kwa mita.

Bodi iliyobeba saruji au kemikali yapaswa kuoshwa na kukaushwa kabla ya wanyama kupandishwa. Sakafu ya chuma isiyo na vizuizi huteleza inapolowa mkojo. Mchanga uliotandazwa sawasawa, au vyuma vyembamba vilivyochomelewa kwa kukatana, humpa mnyama pa kukanyagia.

Nafasi ikizidi nayo ni hatari

Trela la urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.4 huingiza safu sita za ngamia wawili wawili, yaani 12. Kwa mfanyabiashara mwenye ngamia 12 walio tayari, trela hilo linafaa. Kwa mwenye wanane, si nafuu tena, kwa sababu analipia sakafu tupu. Isitoshe, wanyama wachache ndani ya bodi kubwa hurushwa huku na huku kila dereva anapokanyaga breki au kukata kona. Ng'ombe aliyesimama peke yake bila cha kuegemea huanguka kwa urahisi kuliko yule mwenye jirani wa kiasi pande zote.

Dawa yake ni kuigawa bodi kwa vizuizi imara, ili kila kundi dogo libaki mahali pake. Wanyama wazito huwekwa karibu na mbele na uzito husambazwa sawa kushoto na kulia, hasa kwenye trela linalovutwa kwa nyuma, ambalo likielemewa mkiani huanza kuyumba na kuliyumbisha lori linalolivuta. Madume, majike yenye ndama na wanyama wa aina tofauti hawachanganywi.

Kimo nacho chahitaji kuangaliwa. Kwa mbuzi, wenye malori huongeza sakafu ya pili, na ile idadi ya 62 huwa 124. Hilo hufaa iwapo sakafu ya juu ni imara na hewa inapita chini yake. Lakini mzigo wa juu huinua kitovu cha uzito, na lori lenye kitovu cha juu hupinduka upesi kwenye kona na kwenye kingo za barabara zilizomomonyoka. Ngamia anayesimama ghafla safarini huleta hatari iyo hiyo, licha ya shingo yake kuzidi vyuma vya pembeni. Kamba za magoti sharti zikaguliwe kila kituo. Zikilegea atasimama, zikibana mno damu haitapita mguuni.

Barabara ina neno la mwisho

Barabara ya Isiolo, Modogashe, Wajir, Elwak na Mandera imo katika mradi ambao Benki ya Dunia iliidhinisha kuufadhili mwaka 2020, na lami imekuwa ikitandazwa kwa awamu. Hata hivyo, wanyama wengi hawaanzi safari kando ya lami. Huchukuliwa vijijini na penye visima, ambako njia ni mchanga mlaini, mawe, au udongo mweusi kama ule wa maeneo ya kinamasi cha Lorian karibu na Habaswein. Udongo huo ukinyeshewa hunasa gurudumu, na mabonde makavu yaitwayo laga hugeuka mito kwa saa chache.

Trela refu lisiloweza kugeuka kwenye njia nyembamba, au linalokwama lagani, huwageuza wanyama wazima kuwa mateka wa jua. Hivyo wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, malori mawili madogo yanaweza kuwa salama kuliko trela moja, maana likikwama moja, la pili huendelea au huokoa. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023, yaliyokata barabara ya Garissa hadi Nairobi, yalionyesha kwamba hata barabara kuu haina dhamana. Njia nyingine ni kutumia malori madogo kukusanya wanyama hadi mjini, kisha kuwapakia kwenye trela penye lami, ingawa kila upakiaji wa ziada huongeza uchovu na hatari ya kuumia.

Hesabu ya wanaofika hai

Chukua mfano wa lori linalokodishwa kwa Sh60,000. Likibeba ngamia sita, kila mmoja hugharimu Sh10,000. Akisongwa mpaka wawe wanane, gharama hushuka hadi Sh7,500, na mfanyabiashara huona ameokoa Sh20,000. Lakini iwapo ngamia mmoja ana thamani ya Sh100,000, kifo kimoja humeza akiba ya safari tano. Mtaka yote hukosa yote.

Mwenye ngamia wanane ana njia bora kuliko kusonga: kuungana na jirani mwenye wanne wakodi trela la 12, au kupeleka sita na kuwaacha wawili malishoni wangoje safari nyingine.

Ukame hubadilisha hesabu hizi zote. Katika kiangazi kikali cha kati ya mwaka 2020 na 2023, ambapo misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa kunyesha ipasavyo, zaidi ya mifugo milioni mbili walikufa nchini Kenya. Wakati kama huo wafugaji hukimbilia kuuza, na malori hujazwa wanyama waliodhoofika. Mnyama dhaifu ni mwepesi kwenye mizani, jambo linalomshawishi mtu kuongeza idadi, kumbe ndiye anayehitaji nafasi zaidi, kwa kuwa hawezi kusimama saa nyingi na akianguka hainuki. Asiyeweza kupanda lori kwa miguu yake hafai kusafirishwa.

Kabla ya kuondoka, kibali cha daktari wa mifugo cha kuhamisha wanyama sharti kiwe mkononi, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, humhusu mwenye mali na dereva pia. Safari ipangiwe vituo vya maji na mapumziko. Kanuni za Ulaya humtaka ng'ombe apumzishwe angalau saa moja na kunyweshwa baada ya saa 14 za mwendo. Ngamia huvumilia kiu kwa siku nyingi, lakini hilo halimaanishi kwamba aweza kuketi amefungwa magoti mchana kutwa juani.

Anayetaka kuchagua vyema, basi, na aende sokoni na futi ya kupimia. Ahesabu wanyama alionao, apime sakafu kwa safu, aulize hali ya njia toka kisimani hadi lami, ndipo ajadiliane nauli. Wakati wa kulipima lori ni kabla ya ngamia wa kwanza kupigishwa magoti ndani yake, kwa sababu baada ya hapo ni vigumu mno kumshusha yule aliyezidi.