Inveta na Waya Wake

Wanachama wenzetu,

Tangu msimu uliopita tumekuwa tukiulizwa juu ya kisanduku kiitwacho inveta, hasa na wenzetu ambao mashamba yao hayajafikiwa na nguzo, nao wataka taa za kuchambulia karafuu usiku dagoni. Twajibu hapa kwa pamoja.

Umeme wa gridi hapa Pemba hutoka Tanga, kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010 kwa msaada wa Norwei. Umeme huo huenda na kurudi ndani ya waya mara 50 kwa sekunde, na majumbani huingia kwa volti 230. Umeme wa jua ni namna nyingine. Sahani ya juu ya paa hutoa umeme uendao njia moja tu, nao huwekwa katika betri, aghalabu ya volti 12. Feni ya mjini haizunguki kwa umeme huo.

Inveta ndiyo huugeuza. Ndani yake mna swichi ndogo ziupelekazo umeme mara huku mara kule kwa haraka, na transfoma ya kuupandisha hadi volti 230. Haizai umeme, hutumia ulio katika betri, na kidogo hupotea kwa joto.

Wengi huogopa upande wa volti 230, nao hawakukosea, maana unaua. Lakini upande wa betri nao huunguza. Vyombo vya wati 600 kwa volti 230 huvuta ampea zisizofika 3; kwa volti 12, wati hizo hizo zataka ampea 50 na zaidi. Volti zikipungua, ampea huzidi, na ampea ndizo zipashazo waya moto. Ndiyo maana ule waya wa Tanga hupitisha volti 33,000.

Sisi kamati tulijifunza kwa hasara. Katika ghala letu tulifunga waya mwembamba wa taa, hatua nane, kutoka betri hadi inveta. Ukayeyuka, na magunia yalikuwa karibu. Alhamdulillahi, mlinzi alisikia harufu. Sasa waya ni mnene kama kidole, haufiki mita 1, na fyuzi iko ubavuni mwa betri.

Pampu ya maji ihesabiwe peke yake, kwani ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa.

Atakaye kununua na atuletee kwanza orodha ya vyombo vyake, tumpigie hesabu kabla hajatoa fedha.

Katibu