Maporomoko ya mu jangwa: foto nzuri, maji makali

Kijana anayependa kupiga foto anaweza kuuliza: Je, mu jangwa kuko maporomoko ya maji? Ndiyo, lakini hayaonekani kila siku. Mvua njo inayaleta.

Tuangalie bonde la Zion, mu jimbo la Utah, kule Marekani. Kuta zake za mawe mekundu zinapanda zaidi ya meta 600. Siku mingi ni kavu kabisa. Lakini mvua kali ikinyesha, jiwe haliwezi kunywa maji sawa vile udongo wa shamba. Maji yote yanateremuka mara moja. Kwa dakika chache maporomoko membamba yanaanza kuanguka pale ambapo asubuhi hapakukuwa hata tone. Mvua ikikatika, mingi yao inapotea upesi.

Kwa hiyo mupiga-foto anapaswa kuwa tayari mbele ya mvua. Anaweka mashini yake juu ya miguu tatu ili isitikisike. Akiacha mwangaza uingie kwa nusu ya sekunde, maji yatafanana na kitambaa cheupe. Akipiga haraka sana, matone yataonekana moja moja. Asichukie mawingu: jua kali linaleta vivuli vieusi, lakini chini ya mawingu rangi ya jiwe lenye maji inatokea vizuri. Na asisahau kitambaa kikavu cha kupanguza kioo.

Sasa, vijana, musikie jambo kubwa kuliko foto. Tarehe 12 Mwezi wa 8, 1997, watalii walikuwa ndani ya Antelope Canyon, mu jimbo la Arizona, mu inchi ya Wanavajo. Ni mufereji mwembamba sana mu mawe, na watu wanaupenda kwa foto. Pale penyewe mvua haikukuwa kubwa. Ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu. Maji yakakuja kwa nguvu, na njia ya kupanda ilikuwa ngumu. Watu 11 wakakufa, wengi wao Wafaransa. Kiongozi wao tu njo aliokoka. Leo mutu haingii mule bila kiongozi, na ngazi zimefungwa imara mu mawe.

Basi, usiangalie tu mbingu iliyo juu ya kichwa chako. Uliza habari za mvua ya kule maji yanakotoka. Simama mahali pa juu, si mu mufereji. Ukiona maji safi yanageuka matope, ao ukisikia ngurumo inayokaribia, panda mara moja. Mufuko na mashini, uviache.

Sisi tunaoishi karibu na mashimo ya madini tunaelewa neno hili: mvua ya kule juu inaweza kujaza shimo la huku chini. Mashini ya foto inanunuliwa tena. Mutoto wa mama, hapana.