Kobe Wako Hajanuna, Ana Shingo Upande

Msomaji mmoja wa Mbita ameniletea swali lililonifurahisha mno: "Dada, wavuvi walimpa mwanangu kobe wa maji aliyenaswa kwenye wavu karibu na daraja la Rusinga. Tumemweka kwenye karai nyuma ya nyumba. Kila nikimkaribia anageuza uso na kuuficha ubavuni, kama mtoto aliyenyimwa chapati. Wiki ya tatu sasa. Kwani nimemkosea nini?"

Hujamkosea kitu, dada yangu. Mambo ya malezi nitayamaliza upesi. Apate maji ya kutosha kuogelea, tena yabadilishwe kabla hayajanuka. Apate jiwe la kupanda akaote jua. Chakula ni samaki wadogo, minyoo na wadudu, na ale akiwa ndani ya maji, kwa sababu kumeza nchi kavu kunamshinda. Basi. Sasa tuje kwenye ule uso uliogeuzwa.

Kobe wote duniani, wa nchi kavu, wa mtoni na wa baharini, wana pingili nane za shingo. Wewe una saba. Hata twiga, pamoja na urefu wake wote, ana saba. Swali ni hili: shingo ndefu ya pingili nane utaiweka wapi hatari ikija? Kobe wamelijibu kwa njia mbili.

Fikiria wavuvi wa omena usiku wa giza, taa zinaelea majini zikisubiri samaki wakusanyike. Mmoja amechoka, anataka kulala kidogo chini ya ubao wa kukalia. Akilala chali na kukunja miguu, magoti yatapanda juu na kugonga ubao, maana mkao huo unahitaji kimo. Sasa ageukie ubavu, avute magoti hadi kifuani. Kimo hakihitajiki tena, anachotaka ni upana tu, na mashua upana inao. Lakini kuna gharama: mgongo wake umebaki nje, unapigwa na upepo wa ziwa. Ikiwa mtu huyu ana bahati, mwenzake atavuta turubai na kumfunika. Asipokuwa na turubai, atavumilia baridi mpaka alfajiri.

Kobe wengi unaowaona kwenye vitabu vya watoto ndio wale wanaolala chali. Shingo yao hujikunja juu na chini kama herufi S iliyosimama, kichwa kikarudi nyuma moja kwa moja hadi ndani. Kobe wako analala ubavu. Shingo yake hupinda kwenda kando, S iliyolazwa, na kichwa kikajibana chini ya ukingo wa gamba karibu na mguu wa mbele. Siri iko kwenye viungo vya pingili. Tazama sanduku la bati la shuleni: kifuniko kimeshikwa na bawaba mbili zilizotengana, kwa hiyo kinafunuka juu na chini tu, hakiwezi kuyumba kando. Pingili za shingo za wale wa kwanza zimeshikana hivyo. Za kobe wako zimeshikana karibu na mstari wa kati, kama lango lililofungwa kwenye nguzo moja, na lango kazi yake ni kwenda kushoto na kulia.

Hapa nilikwama kwenye jina, na nakiri nilipoteza nusu siku. Wataalamu huliita kundi hili Pleurodira, neno ambalo halisemi chochote sokoni Mbita. "Kasa wa ziwani" nalikataa: kasa ana miguu kama makasia, huyu ana vidole na kucha. Kijaluo kina opuk, yule mjanja wa hadithi. Kiswahili nacho kina hazina iliyokuwa ikitusubiri tangu zamani. Anayekubali jambo bila kupenda tunasema amekubali shingo upande. Basi huyu ni kobe shingo-upande, na wale wengine ni kobe shingo-ndani. Mhariri wangu alipendekeza "mpinda-shingo". Nilimwambia nimemsikia, shingo upande.

Ile turubai ya kufunika shingo iliyobaki nje je? Wavuvi wale wanaweza kuwa wamempa mwanao kobe wa aina moja kati ya mbili. Pelusios williamsi ni mkazi wa Ziwa Victoria, na sehemu ya mbele ya gamba lake la tumbo ina bawaba. Akishaingiza kichwa, huinua kipande hicho kama mlango na kujifungia. Pelomedusa, anayependa madimbwi na kutembea nchi kavu mvua zikinyesha, hana bawaba. Gamba lake la tumbo ni kipande kimoja kigumu, na shingo yake hubaki ukingoni, upande mmoja nje. Mgeuze kobe wako taratibu utazame. Akikutolea majimaji yenye harufu mbaya, hiyo nayo ni silaha yake.

Shingo-upande leo ni watu wa kusini: Afrika, Madagaska, Amerika ya Kusini, Australia. Ulaya na Marekani hawana wa kwao. Ndiyo maana vitabu vya kufuga kobe, vilivyoandikiwa wale wenye wekundu mashavuni wanaouzwa dukani, havikuonyeshi uso uliogeuzwa. Huku kwenu ni jambo la kale. Mwaka 1954 Ernest Williams wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza mabaki ya kobe wa kundi hilihili yaliyochimbuliwa Rusinga, kwenye matabaka ya volkano ya Kisingiri, ya miaka milioni 18 hivi, akamwita kobe huyo Pelusios rusingae. Mwaka 1965 Raymond Laurent alipompa jina yule aliye hai ziwani, alimwita williamsi kwa heshima ya mtu huyohuyo. Ziwa lenyewe lina miaka laki 4 hivi, tena lilikauka na kuanza kujaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita. Jamaa za kobe wako walikuwa wakigeuza shingo hapo kabla ziwa halijakuwapo.

Mwanao anawe mikono kwa sabuni kila akimshika, kwa ajili ya bakteria wa salmonela. Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo tangu 1975 kwa sababu hiyo. Na mnyama wa porini hafugwi Kenya bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kwa hiyo huenda safari ya kurudi darajani ikawa ndiyo jibu rahisi zaidi.

Ila kabla hujaenda, jioni moja weka kigoda kando ya karai, kaa kimya, utazame pale shingo ilipopindia. Kichwa kikilala ubavu, jicho moja huangalia ndani ya gamba na la pili huangalia nje. Muda wote huo uliodhani amekununia, alikuwa akikuchungulia.