Neno la siri pekee halilindi fedha za soko

Wawekezaji wadogo wanaonunua hisa na hati za Hazina kwa simu au kompyuta huhimizwa kila mara watunze neno la siri. Ushauri huo ni mzuri, ila unagusa nusu tu ya suala. Nusu ya pili ni hii: mtu akishaingia ndani ya mfumo, ameruhusiwa kufanya nini, na nani alimruhusu?

Mfumo wowote wa fedha ulio kwenye mtandao hufanya kazi mbili ambazo wateja wengi huziona kama moja. Kwanza humtambua anayebisha hodi. Humtaka aonyeshe kitu anachokijua, kama neno la siri, au kitu alichonacho, kama simu inayopokea namba ya muda, au alama ya mwili wake, kama kidole. Kutumia njia mbili kwa pamoja ni bora kuliko moja, ingawa namba inayotumwa kwa simu haina maana ikiwa tapeli amefaulu kuihamishia laini ya mteja kwenye kadi yake.

Kazi ya pili ni kufungua orodha ya ruhusa. Hili ni daftari la kompyuta ambalo kila mstari wake hutaja mtu au mashine, huduma inayohusika, na kitendo kinachoruhusiwa au kukatazwa. Karani mmoja katika ofisi ya dalali anaweza kuona salio la mteja bila kuweza kuweka oda. Mwingine huweka oda lakini hana uwezo wa kuidhinisha malipo. Kwenye ruta, mashine inayoelekeza mawasiliano, orodha husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaofuatwa. Kwa kawaida asiyetajwa popote hukataliwa. Fundi mvivu akiandika juu kabisa mstari wa kuruhusu wote, mistari yote iliyo chini yake hubaki pambo.

Gharama ya kupuuza kazi hii ya pili ilionekana wazi Februari 2016, katika Benki Kuu ya Bangladesh. Wezi waliokuwa wamepenya kwenye kompyuta za benki hiyo walitumia vitambulisho vya wafanyakazi halali kutuma maagizo 35 kupitia mtandao wa SWIFT, wakiitaka Federal Reserve ya New York ihamishe dola milioni 951 kutoka akaunti ya Bangladesh. New York haikuvunjiwa mlango wowote. Ilipokea maagizo yenye utambulisho sahihi, kama inavyopokea siku zote.

Siku ilichaguliwa kwa hesabu. Maagizo yalitumwa usiku wa Alhamisi, wakati Bangladesh ikiingia mapumziko yake ya Ijumaa na Jumamosi. Baada ya hapo New York ilipumzika Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina huko Manila. Printa ambayo ingechapa taarifa za malipo ilikuwa imevurugwa pia.

Maagizo matano yalipita, yenye thamani ya dola milioni 101. Milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu jina la taasisi iliyotajwa kuwa mpokeaji lilikosewa tahajia na benki moja njiani ikauliza. Milioni 81 ziliingia katika akaunti za benki moja ya Ufilipino na sehemu kubwa ikapotelea kwenye nyumba za kamari. Kwa maneno mengine, kosa la herufi lilifanya kazi ambayo orodha ya ruhusa ilipaswa kuifanya.

Mpelelezi wa polisi wa Bangladesh aliliambia shirika la habari la Reuters, mwaka huo huo, kwamba benki haikuwa na kizuizi cha mtandao na ilitumia swichi za mtumba za dola 10 kuunganisha kompyuta zinazogusa SWIFT. Hapa ndipo penye somo kwa mfanyabiashara. Mashine za malipo zingetengwa, na orodha ikasema ni kompyuta chache tu zinazoweza kuzifikia, mwizi aliyeingia kupitia kompyuta ya kawaida ya ofisi angekabiliwa na ukuta mwingine kabla ya kufika kwenye fedha.

Hatari haitoki nje tu. Januari 2008 benki ya Société Générale ya Ufaransa ilitangaza hasara ya euro bilioni 4.9 iliyotokana na biashara za Jérôme Kerviel, mfanyakazi aliyekuwa amefanya kazi katika idara za ukaguzi wa miamala kabla ya kuhamia meza ya biashara. Alijua hundi zote za ndani zinavyofanyika na saa zinapofanyika. Oktoba 2010 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa makosa ambayo ni pamoja na kuingiza kwa hila taarifa za uongo kwenye kompyuta za benki. Yeye amekana kuwa wakubwa wake hawakujua.

Masoko ya Afrika Mashariki nayo yamehama kutoka kwenye ubao na karatasi. Lile la Nairobi lilianza kuuza hisa kwa kompyuta mwaka 2006. Kwa mteja wa kawaida, maswali ya kumuuliza dalali ni machache. Je, mtu mmoja anaweza kuweka oda na kuiidhinisha yeye mwenyewe? Namba ya benki ya kulipwa mauzo inaweza kubadilishwa na nani, na mteja hujulishwa kwa njia ipi? Karani aliyeacha kazi mwezi uliopita, jina lake limefutwa lini? Dalali anayejibu kwamba ofisi nzima hutumia neno la siri moja ili kazi isichelewe, amekwisha kujibu maswali yote matatu.

Kati ya zile dola milioni 81 zilizofika Ufilipino, karibu milioni 15 zilirejeshwa Bangladesh Novemba 2016.