Babu Mkulima Katika Madaftari ya Marekani

Mwenye kutaka kujua maisha ya babu aliyelima huko Marekani katika karne ya 19 na aanze na hesabu ya watu ya mwaka 1850, kwani kabla yake makarani waliandika jina la mkuu wa nyumba tu, mkewe na wanawe wakabaki tarakimu. Bali mwaka huo kila mtu huru aliandikwa jina, umri na mahali alipozaliwa. Daftari la kilimo ndilo linipendezalo zaidi: humo zimo ekari zilizolimwa, farasi, ng'ombe wa maziwa, hata ratili za siagi, na siagi hiyo, aghalabu kazi ya mikono ya mke na mabinti, yatueleza habari zao ilhali karani hakuamriwa kuuliza kazi ya mwanamke yeyote. Lakini watumwa waliandikwa katika daftari la peke yao, umri, jinsia na rangi, chini ya jina la bwana wao, na wengi hawakuandikwa majina hadi mwaka 1870. Dhulma hiyo humlazimu mjukuu wao kupekua wasia na hati za mirathi za bwana yule, ambamo mama na mwanawe huenda wametajwa kati ya majembe na nyumbu, pamoja na kima walichokadiriwa.