Sentimita moja iliyorukwa Jumapili

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii hunijia kila nifunguapo vitabu vya kumbukumbu za riadha na kukutana na Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1900 mjini Paris. Katika mashindano ya wanaume ya kuruka mbali, vitabu vyasema hivi: wa kwanza Alvin Kraenzlein wa Marekani, mita 7.185, wa pili Myer Prinstein, naye pia wa Marekani, mita 7.175. Tofauti ni sentimita moja, upana wa ukucha. Asomaye tarakimu hizo pasi na kujua kisa chenyewe atadhani kwamba mafahali wawili walipambana bega kwa bega hadi dakika ya mwisho, mmoja akamzidi mwenzake kwa bahati ya unyayo. La hasha! Siku sentimita hiyo iliporukwa, Prinstein hakuruka hata mara moja.

Kisa chenyewe ni hiki. Raundi ya mchujo ilifanyika Jumamosi, Julai 14, katika uwanja wenye nyasi ndani ya msitu wa Bois de Boulogne. Prinstein hakuwa mgeni katika sanaa hiyo. Aprili ya mwaka uo huo alikuwa ameruka mita 7.50 mjini Philadelphia, umbali ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa amepimwa akiufikia, na rekodi aliyoivunja ilikuwa ya huyo huyo Kraenzlein. Jumamosi hiyo mjini Paris aliwatangulia wote kwa mita zake 7.175.

Fainali iliwekwa Jumapili. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Vyuo kadhaa vya Marekani viliona ni dhambi vijana wao kushindana siku ya Bwana. Chuo Kikuu cha Syracuse, alikosoma Prinstein, kilikuwa kimeanzishwa na Wamethodisti, nacho kilimkataza katakata. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikotoka Kraenzlein, kiliwaachia wanariadha wake waamue wenyewe kwa dhamiri zao.

Sasa zingatia, ewe msomaji, kinaya kilichomo. Prinstein alikuwa Myahudi. Sabato ya kwao ni Jumamosi, siku ile ile aliyoruka na kuwashinda wenzake. Jumapili haikuwa siku takatifu kwake, ilhali Kraenzlein alikuwa Mkristo. Asiyekuwa na Jumapili ndiye aliyeiheshimu; mwenye Jumapili yake akaenda uwanjani. Inasimuliwa kwamba Prinstein aliamini wamekwisha kuahidiana na mwenzake kwamba hakuna atakayeruka siku hiyo. Kraenzlein aliruka, akajaribu tena na tena, hatimaye akaupita umbali wa Jumamosi kwa sentimita moja. Kwa kuwa kanuni za wakati huo zilihesabu pia mruko wa mchujo, Prinstein alipewa nafasi ya pili akiwa nje ya mashindano. Husimuliwa pia kwamba alipopata habari alighadhabika, akamtaka Kraenzlein warudiane Jumatatu, na alipokataliwa akarusha ngumi.

Sisemi haya ili kumvua Kraenzlein taji lake. Hakuvunja kanuni yoyote ya mashindano, na kipaji chake hakina mjadala. Katika michezo hiyo hiyo alishinda mbio za mita 60 na mbio mbili za kuruka viunzi, za mita 110 na mita 200. Ushindi wa mashindano manne ya mtu binafsi katika Olimpiki moja haujafikiwa na mwanariadha mwingine hadi leo. Wala siwabezi Wamethodisti wa Syracuse kwa kuitukuza siku yao. Kila mja na imani yake.

Ninalouliza ni hili: nani alilipa gharama? Wakuu wa chuo walitoa amri wakiwa mbali ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, nao hawakupoteza kitu. Dhamiri yao ilitulia, na jina la chuo chao likabaki safi. Aliyelipa ni kijana aliyetii, tena kwa ajili ya imani isiyokuwa yake. Mmoja aliamuru, mwingine akatozwa.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Wazungu wa kale, hayatuhusu. Sisi Wakenya tunalo jambo linalofanana nalo. Mwaka 1976 timu yetu haikushiriki Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushindana baada ya timu yake ya raga kuzuru Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 hatukwenda Moscow, safari hii kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuivamia Afghanistan. Mike Boit, aliyekuwa amepata nishani ya shaba katika mita 800 mwaka 1972 mjini Munich, alizikosa Olimpiki zote mbili akiwa katika miaka yake bora. Henry Rono naye, mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mtu huyo hakukimbia katika Olimpiki hata mara moja maishani mwake. Alifariki mwaka 2024, na katika orodha ya washindi wa Olimpiki jina lake halimo.

Naungama kwamba sababu hazilingani. Kuupinga ubaguzi wa rangi mwaka 1976 lilikuwa jambo la haki, na mimi ningeliunga mkono hata leo. Lakini haki ya jambo haifuti deni. Taifa linapomwambia kijana aweke viatu chini kwa ajili ya wote, wote hao wanakuwa na deni kwake. Viongozi waliotangaza uamuzi walishangiliwa kwa msimamo wao thabiti, ilhali wanariadha walirudi nyumbani mikono mitupu, na umri wa mkimbiaji haumngoji mtu.

Prinstein alibahatika kupata fursa nyingine. Jumatatu, Julai 16, alishuka uwanjani mle mle mjini Paris na kushinda mruko wa hatua tatu kwa mita 14.47. Miaka minne baadaye, mjini St. Louis, alishinda kuruka mbali kwa mita 7.34 na mruko wa hatua tatu kwa siku moja. Mwaka 1906 mjini Athens alitangulia tena katika kuruka mbali. Alifariki mwaka 1925 akiwa wakili. Si kila aliyezuiwa hupata Jumatatu yake. Rono hakuipata.

Kwa hivyo nawasihi wanaoandika historia ya michezo yetu na wanaogawa tuzo za kitaifa: pawepo na ukurasa wa waliozuiwa. Wanariadha walioachwa nyumbani miaka ya 1976 na 1980 watajwe kwa majina shuleni na viwanjani, nao walio hai waenziwe kabla hatujakusanyika makaburini mwao kwa hotuba ndefu. Na yeyote atakayefikiria tena kumwamuru kijana asishindane, iwe kwa ajili ya dini, siasa au heshima ya taifa, na ajiulize kwanza: mimi nitatoa nini? Akiona kwamba yeye hatapoteza hata sentimita moja, basi na aitafakari upya amri yake.