Istilahi za Ini Lenye Mafuta na Protini Ziliashiriazo

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache zitumikazo katika uchunguzi wa ini lililojaa mafuta kwa sababu ya mlo, uchunguzi ambao kwa sehemu kubwa hufanywa kwanza kwa wanyama wa maabara. Msomaji aweza kuuliza panya wa maabara wanamhusu nini mhudumu wa afya wa Ijumbi, huko Muleba. Wanamhusu, kwa kuwa maarifa yaliyopatikana kwa panya ndiyo yanayofasiri majibu ya damu ya binadamu, naye mhudumu ndiye atakayeyasema majibu hayo kwa Kiswahili mbele ya mama aliyempakata mtoto aliyevimba miguu. Neno likiwa na maana mbili, mama ataondoka na ile isiyokusudiwa.

Yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe. Ini hupokea mafuta kutoka katika damu, na mengine huyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, ini huyafunga katika vifurushi vidogo vyenye ganda la protini na fosfolipidi, kisha huvitoa katika damu. Protini iliyo kiunzi cha kifurushi huitwa apolipoprotini B. Ikikosekana protini hiyo, au yakikosekana mahitaji ya ganda, mafuta hubaki ndani ya ini na kulundikana. Mwaka 1932, Charles Best, mmoja wa wagunduzi wa insulini, pamoja na mwenzake Huntsman, walionyesha huko Toronto kwamba kolini huzuia ini la panya lisijae mafuta. Hata leo watafiti huwapa panya mlo usio na kolini wala methionini ili kuwaletea maradhi hayo. Ajabu ni kwamba wanyama hao hukonda huku maini yao yakizidi mafuta.

Hapo ndipo istilahi ya kwanza inapotutaka tuamue. Wapo wanaopenda kusema “ini lililonona”. Ni fupi na ni Kiswahili safi, lakini kunona ni sifa njema: ng’ombe aliyenona ana bei, na mnunuzi wa nyama hufurahi. Mgonjwa aambiwapo kuwa ini lake limenona hatashtuka ipasavyo. “Ini lenye mafuta” halina uzuri wa kifasihi, ila halidanganyi. Napendekeza lishikwe hilo.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki habari hii haikuanzia kwa panya, bali kwa watoto. Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika mwaka 1933 juu ya maradhi ya watoto wenye uvimbe, na mwaka 1935 akayataja kwa jina la Kiga, kwashiorkor. Katika lugha hiyo jina lenyewe ni maelezo: ni maradhi ampatayo mtoto anapozaliwa mdogo wake, naye akaondolewa ziwani. Sisi tulilichukua kwa sauti tu, likawa kwashakoo, na habari yote iliyokuwamo ikaachwa njiani. Huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, madaktari Trowell, Davies na Dean waliyachunguza maradhi hayo kwa miaka mingi, wakatoa kitabu chao mwaka 1954. Ini lenye mafuta lilikuwa miongoni mwa alama zake kuu. Mwaka 1972 Coward na Whitehead walichapisha taarifa ya majaribio ya kuwaletea nyani wachanga hali kama ile iliyoonekana kwa watoto wa Uganda.

Chakula cha Buganda na cha Buhaya ni ndugu. Ndizi ya kupika, ambayo Wahaya huiita ekitoke, ina protini ya gramu 1 na kidogo tu katika kila gramu 100, hali maharage makavu hupita gramu 20. Mtu mzima wa Muleba hula ndizi kwa maharage au kwa samaki wa ziwa, na msimu ufikapo hula senene, chakula chenye protini na mafuta kwa wingi. Shida humpata mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa ndizi iliyopondwa peke yake.

Sasa, mtoto huyo ana ugonjwa gani kwa Kiswahili? Wengine husema kwashakoo, wengine unyafuzi. Lakini wapo pia walitumiao neno unyafuzi kwa maradhi yale mengine ya kukonda hata mifupa ikaonekana, ambayo wengine huyaita nyongea. Jambo hili si dogo. Katika kwashakoo miguu huvimba na ini hujaa mafuta. Katika nyongea hakuna uvimbe, na kwa kawaida ini halijai mafuta kiasi hicho. Karatasi ya rufaa iandikwayo unyafuzi huweza kusomwa kwa namna mbili katika vyumba viwili vya hospitali moja. Maadamu nyongea limekwisha kuzoeleka kwa ugonjwa wa kukonda, unyafuzi libaki kwa ugonjwa wa kuvimba, na kwashakoo liwe kisawe chake.

Tuje kwenye protini zenyewe. Wataalamu hupima katika damu, au katika kipande cha ini, protini ambazo wingi au uchache wake hutoa habari. Albumini, itengenezwayo na ini, hupungua katika kwashakoo. Vimeng’enya vya transaminasi huvuja kutoka katika seli zilizoumia. Vipande vya keratini 18 huonekana katika damu seli za ini zinapokufa. Perilipini huzingira matone ya mafuta ndani ya seli. Protini za namna hii tuziite nini? “Dalili” halifai, kwa sababu dalili mgonjwa aweza kuihisi, na hakuna ahisiye albumini yake. “Alama” ni pana mno. Lililobaki ni kiashiria. Hata hivyo tusiseme “kiashiria cha protini”, kwani hicho ni kitu kinachoashiria kuwa protini ipo. Kinachoashiriwa hapa ni hali ya ini, na protini ndiyo iashiriayo. Kiswahili kina njia ya kuunganisha majina mawili bila kihusishi, kama askari kanzu na mbwa mwitu. Kwa njia hiyo tutapata “protini kiashiria”, na kwa wingi “protini viashiria”.

Ipo hatari nyingine. Albumini hushuka pia mtu apatwapo na maambukizo, hata kama alikula vizuri. Basi mhudumu asomaye kuwa albumini ni chache asimwambie mama kuwa hakumlisha mwanawe. Kuashiria si kuthibitisha.

Ini lenye mafuta huwapata pia walioshiba, hasa wenye unene uliozidi na kisukari. Mwaka 1980 daktari Ludwig na wenzake wa Marekani waliuelezea uvimbe wa ini wa namna hiyo kwa watu wasio walevi, na kwa miaka mingi jina la maradhi likabeba kanusho hilo: yasiyo ya pombe. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini viliafikiana kulibadili jina, ili litaje hitilafu ya umetaboli badala ya kutaja kitu ambacho mgonjwa hakufanya. Palipo na lubisi kila kijiji, kama kwetu Kagera, mtu aambiwapo ana “ini lisilo la pombe” majirani husikia pombe tu. Napendekeza “ini lenye mafuta la kiumetaboli”.

Mwisho ni panya. Kiswahili hutumia neno hilo moja kwa wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha, yule mkubwa na yule mdogo, na matokeo ya mmoja si lazima yawe ya mwingine. “Kipanya” lingefaa kwa mdogo, ijapokuwa Dar es Salaam lilipata kuwa jina la basi dogo la abiria. Sidhani kama kuna atakayedhani basi limepimwa ini. Kwa yule mkubwa tusichukue “buku”, maana panya buku ni mnyama wa tatu, mwenye jina lake, abaki panya.